Kiapo Kilicholiwa kwa Jina la Ebyan

Mjini Lodwar, ukiuliza beringi ya lori au rejeta iliyotumika, utaelekezwa kwa mwanamke. Ebyan Bare alikuwa na duka la spea kando ya barabara iendayo Kakuma, na madereva waliotoka Kitale na waliotoka mpakani walimwamini kuliko walivyowaamini mafundi wao. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Suldan. Lakini hata kabla ya Suldan alikuwa amezoea harufu ya grisi kwa babake, mzee Bare, dereva wa lori aliyekuwa akileta chakula cha msaada Kakuma wakati kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado changa. Bare aliizoea nchi ile ya jua na vumbi, akamwita mkewe Magool kutoka Garissa, na hakurudi tena hadi alipokufa. Ebyan alizaliwa huko Kakuma, ng'ambo ya laga ya Tarach, mto wa msimu. Alisema Kisomali na mamake, Kiturkana na majirani, na Kiswahili na watu wengine wote waliobaki. Mfugaji akiingia dukani na kumsalimia "ejok", alijibiwa kwa Kiturkana kilichomfanya amtazame tena mama huyo wa buibui, ahakikishe amesikia vyema.

Suldan alifia Lokichar. Lori lake lilimharibikia njiani, akatandaza matawi barabarani kuwaonya wanaokuja, kama wafanyavyo madereva, akaingia chini ya gari na spana zake. Lori la mkandarasi mmoja wa mambo ya mafuta, limesheheni mabomba, likaja mbio, likayapita matawi kana kwamba hayapo. Deeqa, binti yao wa pekee, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa.

Ebyan aliamua kushtaki. Wakili wa kwanza aliikalia kesi hiyo mpaka muda wa kushtaki uliowekwa na sheria ukapita, naye akahamia mji mwingine. Wa pili alijitahidi. Mwishowe kesi ilifika mbele ya Jaji Selina Lomenen, binti wa watu wa Nariokotome, aliyesomeshwa na misheni tangu utotoni. Siku ya uamuzi jaji huyo aliweka karatasi zake kando, akamtazama Ebyan usoni, akazungumza Kiswahili ili asikie mwenyewe bila mkalimani. Alisema mahakama inaamini kwamba Suldan aliuawa na uzembe wa watu wengine. Kisha akasema kesi imeletwa muda ukiwa umekwisha, na sheria haimpi ruhusa ya kuisikiliza. Akatoa pole. Akaitupa kesi.

Ebyan alitoka pale akiwa hasikii vizuri, kama mtu aliyepigwa kofi. Karani wa mahakama, Maryanne Ajwang, mama mmoja wa Homa Bay aliyekuwa ameishi Lodwar miaka mingi, ndiye aliyemfuata nje na kumpa maji. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Na tangu siku hiyo Ebyan akamchukia jaji kwa moyo wake wote. Angemsamehe mtu aliyemwambia ni mwongo. Huyu alimwambia anamwamini, kisha akamfukuza. Wakili wake alikata rufaa, na rufaa hiyo ikapelekwa kwa majaji wa rufaa wanaoketi Eldoret. Huko ikalala.

Basi miaka ikapita, na asubuhi moja redio ikatangaza majina ya majaji walioomba kupandishwa kwenda Mahakama ya Rufaa. Jina la Selina Lomenen lilikuwemo. Lodwar ilijaa furaha. Wanawake walipiga vigelegele sokoni, vijana wakaendesha bodaboda wakipiga honi kama wanasindikiza bibi harusi. Mtangazaji akaongeza kwamba tume inayowachagua majaji inawaomba wananchi wenye neno lolote, zuri au baya, juu ya waombaji hao, walipeleke kabla ya usaili. Ebyan alizima redio, akaendelea kupanga boksi za gaskiti.

Mgeni alifika wiki hiyo hiyo. Gari lake lilikuwa jeupe, vioo vyeusi. Aliteremka mwanamume wa makamo aliyevaa shati safi mno kwa mji wenye vumbi namna ile, akaomba waipa ya gari ambalo, Ebyan aliona wazi, halikuhitaji waipa. Alipopewa alisema, "Asante, Mama Deeqa."

Hilo lilimshtua. Jina hilo lilikuwa la marafiki na majirani, na mtu huyu hajawahi kukanyaga dukani.

Alijitambulisha kuwa ni Byron, wakili, anayefanya kazi na wananchi wanaopenda haki. Alitoa pole kwa ajili ya Suldan, na aliitoa kwa upole kiasi kwamba Ebyan, ambaye alikuwa amesahau lini mara ya mwisho mtu alimpa pole hiyo, alimvutia kiti. Byron aliijua kesi yote. Alijua mwezi uliotolewa uamuzi, alijua hata maneno ya jaji. Akauliza kama Ebyan amesikia mwanamke huyo anataka kwenda wapi.

"Anaenda kukaa kule kule rufaa yako inakosubiri," alisema. "Hebu fikiria, mama. Unamkimbia mtu, unafika kwenye nyumba unakotafuta usalama, unabisha hodi, na ni yeye anayekufungulia."

Ebyan aliacha kaunta, akaja kusimama karibu naye asikie vizuri.

Byron akaeleza alichokitaka. Ebyan aape mbele ya mwanasheria kwamba kabla ya uamuzi, jaji alimwita ofisini kwake akamdai hongo, na kwamba alipokosa kutoa ndipo kesi ikatupwa. Ebyan akasema hajawahi kuingia ofisini kwa jaji. Mgeni alitabasamu kidogo, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Hakuna anayekuuliza kama uliingia. Tunauliza kama ulidhulumiwa."

Na hapa lazima isemwe kama ilivyokuwa: Ebyan hakukataa. Alisema atafikiri. Gari lilipoondoka alibaki na uchungu wake wa miaka yote, na uchungu huo, uliokosa mahali pa kwenda siku zote hizo, ukawa umeonyeshwa njia. Siku nzima aliuza spea akiwa na uchangamfu ambao madereva hawakuuzoea. Aliwaza jinsi mwanamke yule atakavyokaa mbele ya wakubwa wa tume, atazamwe usoni, aambiwe wanamsikitikia, kisha aambiwe hapana.

Ila jambo moja lilimkera, nalo ni kama kweli jaji yule anaweza kuikalia rufaa yake. Jumapili, Maryanne aliporudi kutoka kanisani, Ebyan alimfuata nyumbani kwake Nawoitorong. Maryanne alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa imesimama ndani ya ungo, kisha akasema ni mwiko jaji kusikiliza rufaa ya uamuzi wake mwenyewe. Hata akipandishwa kesho, faili la Suldan litapelekwa kwa wengine. Wakili yeyote analijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza chuoni.

Kisha Maryanne akainuka akafunga mlango, ingawa joto lilikuwa la kuivisha mkate. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mwaka uliopita Jaji Lomenen alizuia watu wenye nguvu kuweka ua kwenye malisho ya wafugaji karibu na Lokichar, ardhi ambayo watu wanasema ina mafuta chini yake. Watu hao nao wamekata rufaa. Hawataki mwanamke huyo apande, akae meza moja na majaji watakaowasikiliza. Wala hawataki abaki na jina zuri, maana jina lake likichafuka, na uamuzi wake utachafuka.

"Wewe si wa kwanza kufuatwa," Maryanne alisema. "Dereva mmoja wa mahakama alifuatwa hivyo hivyo. Alikataa. Sasa hayuko Lodwar, na simu yake haipatikani, na mkewe ukimuuliza anakwambia hajui."

Ebyan alimuuliza nani anawatuma watu hawa. Maryanne alirudi kwenye ungo wake. Akiendelea kuchambua mchele alimwomba rafiki yake, kwa heshima zote, kwamba kwa siku chache asije kumtafuta kule mahakamani.

Siku iliyofuata mamake, Magool, alipiga simu kutoka Kakuma, amefurahi. Alisema wamepata mgeni mwema, kijana wa sheria anayeshughulikia kesi ya Suldan. Amemletea sukari, mchele na tende, ameketi mkekani akiwa amevua viatu, akanywa chai ya maziwa ya ngamia mpaka akaomba nyingine. Na kesho anarudi.

Ebyan alipanda lori lake mwenyewe lililokuwa likipeleka matairi Kakuma, akaketi kando ya dereva. Alimkuta mamake kwenye ua wa nyumba, anaangalia birika. Alimuuliza amemweleza nini yule mgeni. Magool alishangaa swali. Amemweleza kila kitu, si ni wakili? Amemweleza jinsi Suldan alivyozikwa, jinsi duka linavyokwenda, na jinsi mjukuu wake Deeqa alivyo hodari wa hesabu katika shule ya bweni huko Kitale. Ndiyo, jina la shule alilitaka. Ndiyo, amemtajia.

Ebyan aliketi chini. Kisha alimweleza mamake kile ambacho wakili huyo alikitaka kwa kweli.

Magool alikuwa mwanamke wa sala tano na maneno machache. Alimimina chai, akaiacha ipoe. Upande wa pili wa laga, adhana ya alasiri ilianza msikiti mmoja ikapokelewa na mwingine, na kelele za soko la kambini zikapungua kidogo.

"Mwanamke yule alimzika Suldan mara ya pili," Magool alisema, akimwita bintiye "hooyo", mama, kama mama wa Kisomali wawaitavyo watoto wao. "Weka sahihi, hooyo. Tupumzike."

"Hakuniomba kitu, hooyo. Alinitazama machoni akanikatalia. Hilo tu ndilo alilonifanyia."

"Na hilo halitoshi?"

"Linatosha kumchukia. Kuapa, halitoshi."

Magool alitandika mkeka. Alisali, na alipotoa salamu ya kumaliza sala alibaki juu ya mkeka kwa muda mrefu. Aliporudi alichukua ule mfuko wa sukari, mchele na tende, akauweka karibu na mlango, nje ya kizingiti.

Byron alifika asubuhi, akauona mfuko, akaelewa kabla hajaambiwa. Hata hivyo alivua viatu, akaingia, akatoa karatasi zilizokwisha kuchapwa, na kalamu juu yake. Ebyan alimwambia hatatia sahihi. Alimwambia anajua sasa kwamba jaji hawezi kuigusa rufaa yake, na kwamba yeye Byron alilijua hilo tangu mwanzo. Alitarajia mtu huyo akasirike, na labda ingekuwa afadhali. Byron alikusanya karatasi zake polepole, akazilinganisha pembe kwa pembe, akamshukuru Magool kwa chai ya juzi.

"Hatulazimishi mtu," alisema. Alipokuwa akifunga kamba za viatu aliongeza, bila kuinua kichwa, "Kitale kuna baridi siku hizi. Watoto wanashikwa na kifua."

Gari halijapotea machoni, Ebyan alikuwa ameshapiga simu shuleni. Mlezi wa mabweni alimtuliza: Deeqa hajambo, yuko darasani, na amefurahi sana na biskuti alizoletewa na mjomba wake jana. Deeqa hakuwa na mjomba Kitale. Hakuwa na mjomba popote, kwa maana Ebyan alizaliwa peke yake.

Alikwenda kumchukua binti yake siku hiyo hiyo. Deeqa alilia kwa kuondolewa shuleni muhula ukiwa katikati, akauliza amekosa nini. Mamake alimuuliza tu huyo mjomba alikuwa mtu wa namna gani. Deeqa akasema alikuwa mtu mzuri, anacheka, na alimpiga picha ili ampelekee mama. Picha hiyo haikuletwa.

Tangu hapo Ebyan aliishi kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Deeqa alifanyia hesabu zake nyuma ya kaunta, mahali anapoonekana. Gari jeupe lilipita mbele ya duka mara kwa mara, taratibu, bila kusimama, na kila lilipopita Ebyan alijikuta ameshika spana kubwa asiyohitaji. Kisha wakili wake wa rufaa akampigia kutoka Eldoret. Alisema hataweza kuendelea na kesi yake, na Ebyan alipouliza sababu, alisema tu kwamba angemshauri atafute mtu asiye na familia. Akakata simu.

Siku ya usaili wa Jaji Lomenen ilifika. Usaili huo huonyeshwa moja kwa moja, na mji mzima ulikuwa ukitazama. Ebyan aliegemeza simu yake kwenye debe la oili juu ya kaunta, na madereva wawili waliokuwa wakisubiri beringi wakasogea watazame pamoja naye. Jaji alikuwa amevaa suti ya buluu iliyokoza, shanga za kwao zikionekana kidogo shingoni. Alijibu maswali ya sheria bila kusitasita, mpaka dereva mmoja akasema huyu mama ameshapita.

Ndipo mwenyekiti wa tume akavaa miwani. Akasema wamepokea malalamiko yaliyoapiwa na mfanyabiashara wa Lodwar, mjane wa marehemu Suldan, kwa jina Ebyan Bare, kwamba jaji alimdai hongo ofisini mwake.

Ebyan alilisikia jina lake likitoka kwenye simu yake mwenyewe. Madereva waligeuka wakamtazama. Alianza kusema si yeye, lakini walikuwa wameshageukia tena kioo.

Kwenye kioo, jaji alifunika faili lililokuwa mbele yake. Kisha akasema anamkumbuka mama huyo. Akasema alimkatalia kesi yake, na ilikuwa miongoni mwa siku ngumu katika kazi yake, lakini hajawahi kuzungumza naye nje ya chumba cha mahakama. Hakumwita mwongo. Alisema tu, "Sijui kwa nini amesema hivyo," na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua nguvu.

Madereva waliondoka bila beringi.

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika kila kibanda. Binti yetu ameuzwa na yule Msomali wa spea, ndivyo ilivyosemwa, na waliosema hivyo walikuwa watu alioishi nao, waliokula naye, aliowakopesha. Wanawake waliomletea maziwa walipita upande wa pili wa barabara. Mtu aliandika neno baya kwa mkaa kwenye mlango wa bati. Lomuria, mzee aliyelinda maduka ya mstari ule, alikuja akasimama kando yake akitazama barabara, akamwambia kwa Kiturkana kwamba leo afunge mapema, na kwamba yeye mwenyewe ataketi mlangoni, lakini ni mmoja tu.

Kwa hiyo sasa Ebyan alikuwa kati ya mioto miwili. Waliomtaka aape walikuwa wameapa kwa niaba yake, na watu ambao alikataa kumdhuru binti yao walikuwa wanamwona adui. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumchukua Deeqa wakaondoka, kama alivyoondoka yule dereva, na simu yake nayo isipatikane. Usiku kucha alilipima jambo hilo. Kilichomkalia rohoni kuliko vyote ni kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliweka mkono wake juu ya kitabu akasema mimi ni Ebyan.

Asubuhi alimwacha Deeqa na mke wa Lomuria, akaenda mahakamani. Alipitia mlango wa mbele, mchana kweupe, watu wakimtazama. Maryanne alikuwa kwenye dirisha la makarani. Ebyan alikumbuka ombi la rafiki yake, akajitayarisha kupita kana kwamba hamjui. Lakini Maryanne aliinuka, akazunguka meza, akamshika mkono mbele ya wote, akampeleka kwa msajili.

Msajili alimsikiliza Ebyan, akamwonya. Alisema akishakula kiapo hiki, kutakuwa na viapo viwili kwa jina moja, na kimoja ni cha uongo, na kiapo cha uongo ni jela. Ataitwa ahojiwe. Waliokula cha kwanza watajua amekula cha pili. Ebyan akaomba aletewe msahafu.

Aliitwa kweli. Tume ilimhoji kwa njia ya mtandao, yeye akiwa ameketi peke yake kwenye chumba kidogo cha mahakama ya Lodwar mbele ya kioo kikubwa, na nyuso za wakubwa zimepangwa kwenye visanduku. Mwenyekiti aliwauliza mawakili wajitambulishe. Katika kisanduku cha mwisho, shati safi, sauti ya upole, mtu mmoja akasema, "Naitwa Byron. Namwakilisha mlalamishi, Bi Ebyan Bare."

Ebyan alisogea karibu na kioo. Mtu huyo alikuwa anamtazama, au anaitazama kamera, haikujulikana, na alikuwa ametulia kama alivyotulia siku ile mkekani kwa Magool.

"Bi Ebyan," mwenyekiti aliuliza, "huyu ni wakili wako?"

"Huyu ni mtu aliyekuja dukani kwangu akanunua waipa," Ebyan alisema. Na alipoanza hakusimama. Alieleza habari ya karatasi zilizochapwa kabla hajaulizwa, habari ya chai, na habari ya biskuti. Alieleza kwamba hajawahi kuingia ofisini kwa jaji wala kudaiwa kitu naye.

Mwenyekiti akamuuliza kama ana kinyongo na Jaji Lomenen.

"Ninacho. Aliitupa kesi ya mume wangu, na mpaka leo sijamsamehe. Lakini hakuniomba kitu."

Alipotazama tena kile kisanduku cha mwisho, kilikuwa cheusi. Jina tu ndilo lililobaki limeandikwa, na baada ya muda jina nalo likaondoka.

Tume iliyatupilia mbali malalamiko hayo. Baadaye Maryanne alimwambia kwamba walimtafuta mtu huyo miongoni mwa mawakili wa nchi nzima wakamkosa. Hakuna wakili wa jina hilo na sura hiyo. Ambaye alikula kiapo cha kwanza hakupatikana pia. Ikabaki hivyo.

Majina ya majaji wapya wa rufaa yalipotangazwa, la Selina Lomenen halikuwemo. Hakuna aliyeeleza sababu. Wengine walisema kura hazikutosha, wengine wakasema tume iliogopa kumchagua mtu ambaye maneno yamesemwa juu yake, hata kama maneno yenyewe yameonekana ni uongo. Mwezi haukuisha akahamishwa kituo, kusini, mbali. Siku ya kuondoka gari lake lilipita mbele ya duka. Ebyan alikuwa nje, mikono imejaa grisi. Jaji alikuwa kiti cha nyuma, akageuza uso, wakatazamana. Hakuna aliyepunga mkono. Ebyan alijaribu baadaye kuujua moyo wake ulivyokuwa wakati huo, akashindwa. Chuki ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imekaa pamoja na kitu kingine, na hakujua namna ya kuvitenga.

Rufaa ya watu wa ua kule Lokichar ilisikilizwa na majaji wengine, na watu hao wakashinda. Ya Suldan haijaitwa mpaka leo. Neno la mkaa lilifutwa mlangoni na mtu ambaye Ebyan hakumwona, na wanawake wa maziwa wakaanza kurudi mmoja mmoja, bila kusema chochote kuhusu siku zile. Madereva nao wakarudi, maana beringi hazikuacha kuvunjika.

Mwanzoni mwa kiangazi Magool aliteremka kutoka lori la matairi akiwa na godoro, birika na mkeka wake. Alikuwa amefunga nyumba ya Kakuma. Alieleza kwamba vijana wawili wageni walikuja wakabisha hodi, wakasema wamepita tu kumsalimia, wakauliza habari za mjukuu. Hakuwafungulia. Walisubiri nje kwa muda mrefu, wakizungumza wao kwa wao na kucheka, kisha wakaenda zao.

Ebyan alimwandalia mahali pa kulala karibu na Deeqa. Asubuhi alimkuta mamake ameshaamka, ameweka kiti mlangoni mwa duka, kimeelekea barabarani. Kila mwanamume aliyekuja kununua kitu, Magool alimsimamisha kwanza, akamuuliza ni mtoto wa nani na ametoka wapi, na hakumpisha mpaka ajibu. Baadhi ya wateja walilalamika. Ebyan aliwasikia akiwa ndani, akaendelea kuhesabu boliti, akamwacha mamake aulize.